Mchuzi wa Mikono Minne

Kwenye chumba cha kupigia pasi cha hospitali, mwanamke aliyeitwa Mwiko alikuwa na kipaji ambacho wenzake wote walikionea wivu: kulala akiwa amesimama, macho wazi, pasi inatembea. Shuka zilimfikia zimekunjamana kama uso wa mtu aliyeuma limau, zikatoka zimenyooka, na yeye hajui zilipitaje. Mvuke ulimfunika kuanzia kiunoni kwenda juu, hivyo wenzake walimwona miguu tu, na miguu yenyewe ilikuwa imetulia kama ya kitanda. Wapo wanaosema kwamba mgonjwa aliyelalia shuka ya Mwiko hakuota ndoto zake, aliota za Mwiko. Mzee mmoja wa wodi ya mifupa, ambaye maisha yake yote hakuwahi hata kujikorogea chai, aliamka asubuhi akawaeleza wauguzi jinsi ya kukaanga unga kwenye mafuta ya bata mzinga. Asiyeamini akaiulize mifupa yake.

Maana huko ndiko Mwiko alikokwenda kila mvuke ulipomzidi. Alirudi jikoni kwa mama yake.

Jiko lile lilikuwa jembamba kiasi kwamba paka akitaka kugeuka ilibidi kwanza atoke nje. Dirisha lilikuwa moja, limefifia kwa mafuta, na jua la alasiri likipita pale lilifika chini limeshakuwa la rangi ya asali. Nyuma ya nyumba mama alifuga bata mzinga, na hao hawakuwa ndege wa mchezo. Dume lao, Jemadari, lilikuwa likikagua wageni langoni, na mwenye viatu vichafu hakupita. Mleta barua alizoea kurusha barua kutoka ng'ambo ya barabara na kukimbia. Siku Jemadari alipofikishwa mezani, majirani walikuja wote, nusu kwa sababu ya njaa, nusu kwa sababu ya kutaka kuhakikisha.

Mama alikuwa na mabinti wawili, na jiko lilikuwa na nafasi ya binti mmoja na robo. Viwiko viligongana, vifuniko vikaruka, na ukipita nje ungedhani kuna watu wanahamisha makabati. Mama akachoka. Akamkabidhi mkubwa mwiko wa mti, akamkabidhi mdogo upawa.

"Wewe unakoroga," akamwambia mkubwa. "Wewe unamimina," akamwambia mdogo. "Atakayegusa kazi ya mwenzake atakula mchuzi kwa macho."

Tangu siku ile mkubwa akawa Mwiko, mdogo akawa Upawa, na majina yao ya kuzaliwa yakabaki kwenye vyeti yakishika vumbi.

Mchuzi wenyewe ulikuwa hivi. Bata mzinga akishatoka kwenye oveni, alilazwa pembeni, akafunikwa kitambaa ili apumzike, maana mama alisema hata marehemu anastahili kupumzika kabla ya kukatwakatwa. Trei aliyookewa ndiyo iliyokuwa mali. Chini yake paliganda ukoko wa rangi ya ngozi ya kiatu, na juu ya ukoko yalisimama mafuta. Mwiko aliiweka trei juu ya moto mdogo, akabandua ukoko taratibu, akanyunyiza unga wa ngano, akaanza kukoroga. Alikoroga mpaka unga ukaacha kunuka unga na kuanza kunuka karanga, na siri ya kujua saa hiyo ilikuwa yake peke yake. Upande wa pili Upawa alisimama na sufuria ya supu aliyoichemsha tangu asubuhi kwa shingo, firigisi, kitunguu, karoti na vitu vingine ambavyo hakumwonyesha mtu.

Kuongea juu ya mchuzi ilikuwa marufuku. Mama alisema anayeongea juu ya mchuzi anautia mate. Kwa hiyo mambo yalikwenda hivi: unga ukiwa tayari, Mwiko alianza wimbo wa puani, usio na maneno, kama nyuki aliyepotea chupani. Wimbo ukianza, upawa ulimimina, uzi mwembamba wa supu. Mwiko akivuta pumzi, upawa ulisimama. Akirudi kwenye wimbo, uzi ulirudi. Wawili hawa walipumua hivyo, mmoja kwa pua na mwingine kwa mkono, mpaka mchuzi ukawa mzito, laini, unaong'aa, na ukiutazama sana ulijiona ndani yake ukiwa mtu mzuri kuliko ulivyo.

Na kulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote. Chujio halikuingia pale. Wanawake wengine walichuja mchuzi ili kuondoa mabonge ya unga. Mama alilitazama chujio kama unavyomtazama mtu anayekuja msibani kuuliza chakula kitaiva saa ngapi. "Sisi hatuchuji," alisema, na maneno yaliishia hapo.

Mama akafa. Akaacha trei kwa Mwiko na sufuria ya supu kwa Upawa.

Kisha likaja bonge.

Lilikuja siku ya harusi ya Upawa, alipoolewa na muuza mbao mmoja mpole. Bibi harusi alikataa katakata mtu mwingine amimine, akafunga aproni juu ya gauni jeupe na kusimama mahali pake. Mwiko, mtoto wake mchanga amelala mgongoni, akakoroga. Mchuzi ukapelekwa mezani, na kwenye sahani ya mama mkwe likapatikana bonge la unga. Siku ile lilikuwa kama punje ya njegere. Wiki iliyofuata, mtaani, lilikuwa limefika ukubwa wa yai. Mwaka ulipoisha watu waliokuwepo na wasiokuwepo walikubaliana kwamba mama mkwe alilikalia akidhani ni kiti.

"Ulikuwa umelala," Upawa alimwambia dada yake jikoni, akifungua aproni. "Wimbo ulikatika, mimi nikabaki nimeinua mkono kama mtu anayeomba ruhusa."

"Ulimimina kama unazima moto," Mwiko akajibu. "Na kumimina kwenyewe si kazi. Hata bomba linajua kumimina."

Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja. Upawa akachukua sufuria yake ya supu, akiwa bado amevaa gauni la harusi, akaondoka nayo kwapani. Wakawa kama watu wasiojuana, na huku wanaishi mtaa mmoja.

Au karibu hivyo. Upawa alifungua duka dogo kona ya mtaa, akauza mafuta ya kula ya kupima, na mkono wake ulikuwa na sifa ya kutomwaga hata tone. Inasemekana nzi wa kona ile walihama kwa kukosa kazi. Mwiko hakukanyaga dukani. Alimtuma binti yake na chupa. "Kanunue kwa yule wa kona," alimwambia, "na usimsalimie sana." Chupa ilirudi kila mara imejaa kupita alama ya kipimo, mafuta yamefika shingoni kabisa. Mwiko aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akaguna. Lakini ikiisha, aliiosha kwa maji ya moto na kuianika juani mpaka ikawa inameta, ndipo akairudisha. Na Upawa alipoipokea aliiinua kwenye mwanga vilevile, akaguna vilevile. Chupa ilitembea miaka mingi katikati yao ikizungumza peke yake.

Yule mtoto wa mgongoni akakua akawa dereva wa lori la mizigo, mwanamke wa mabega mapana na kicheko cha honi. Jioni moja alifika nyumbani, akakaa kwenye kiti cha jikoni kwa namna watu wanavyokaa wakiwa na habari.

"Mama, kampuni imenihamishia kituo kingine. Mbali. Jumatatu naondoka na gari, na huko ndiko nitakakokaa."

Mwiko akaweka kikombe chini. "Huko kuna chakula?"

"Kuna watu, Mama, kwa hiyo chakula kipo. Lakini nataka kitu kimoja kabla sijaondoka. Nifundishe mchuzi wa Bibi. Ule mnaousimulia. Nimeusikia tangu nizaliwe, sijawahi kuuonja."

Baba yake alikuwa fundi saa, na nyumba yao ilijaa saa za watu, kila moja na msimamo wake. Ndani mle ilikuwa asubuhi, adhuhuri na jioni kwa pamoja, na mwenye njaa alichagua saa aliyoipenda. Jioni hiyo saa zote zilikuwa zinagonga, na fundi saa akasikika kutoka kwenye meza yake ya kazi, lenzi jichoni, "Ee, mama yake. Mtoto ameomba."

Mwiko akasema atafundisha. Angesema nini kingine? Lakini akiwa kazini kesho yake, katikati ya mvuke, alikwenda jikoni kwa mama yake kama kawaida, akakoroga, unga ukanuka karanga, akaanza wimbo wake, akageuka upande wa pili. Hapakuwa na mtu. Kulikuwa na sufuria, na ndani ya sufuria kulikuwa na ukungu tu. Hakuwahi kuchungulia mle. Hakujua supu ilikuwa na nini, wala ilikwenda kiasi gani, wala mkono wa kumimina unasikiaje. Alikuwa na nusu ya mchuzi. Nusu nyingine ilikuwa dukani kona, inapima mafuta. Wangekufa hivyo, mchuzi ungezikwa nusu kaburi hili na nusu kaburi lile, na mtoto angekwenda mbali na jina la mchuzi tu.

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Mwiko aliunguza shuka.

Hata hivyo kiburi ni ndugu wa ukaidi. Akajaribu kwanza peke yake, kwa kuku. Akakoroga kwa mkono wa kulia, akamimina kwa mkono wa kushoto maji yenye chumvi na matumaini. Wimbo ulipoanza mkono wa kushoto ulisahau, mkono ulipokumbuka wimbo ulikatika. Kilichotokea kwenye trei kilitulia, kikakauka, kikamtazama.

Fundi saa akachovya kidole, akakivuta, kikatoka kwa shida.

"Mke wangu, sisemi kitu kuhusu mchuzi," akasema. "Lakini gundi hii ni ya daraja la kwanza."

Akaichukua, akagandishia mguu wa kiti uliokuwa umelegea. Kiti kile hakijayumba mpaka leo, na juzi juzi walipotaka kukipasua kiwe kuni, shoka ndilo lililovunjika.

Binti akacheka honi yake mpaka mbwa wa jirani akajibu. Halafu akamtazama mama yake. "Mama, si tumwite tu Mama Mdogo?"

"Mama Mdogo ana duka."

"Jumapili duka linafungwa."

"Kuna watu wakifunga duka wanafunga na masikio," alisema Mwiko. Lakini asubuhi ya Jumamosi alichukua ile chupa mwenyewe, tupu, inameta, akatembea nayo hadi kona, akasimama kwenye foleni.

Mbele yake alikuwepo fundi bomba wa mtaa, mzee mkavu mwenye kopo la bati. Upawa alikuwa anamimina. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi pembeni, na Mwiko, aliyekuwa amezipita mara elfu kwa upande wa pili wa barabara, aliziona leo.

"Karibu, mteja," akasema Upawa bila kuinua macho.

"Mimi si mteja."

Upawa akamgeukia fundi bomba. "Mzee, hebu muulize bibi huyu. Kama si mteja, foleni ameifuata ya nini?"

Fundi bomba alikuwa mtu mzima, na vitu vilivyoziba havikumshtua. Akamgeukia Mwiko. "Anauliza umefuata nini."

"Mwambie mtoto wake anaondoka Jumatatu."

"Mtoto wake yupi?" fundi bomba akashangaa. "Wote nawajua, ni wavulana."

"Wangu. Ni wake pia. Yeye si mama yake mdogo?"

"Anasema mtoto wenu anaondoka Jumatatu," fundi bomba akasema.

"Ninajua. Alikuja kuniaga. Mwambie alikuja kwa miguu yake, hakutumwa na chupa."

"Anasema..."

"Nimesikia, Mzee. Mwambie mtoto anataka kufundishwa mchuzi wa Mama."

"Basi amfundishe," Upawa akasema, na uzi wa mafuta kwenye kopo haukutikisika hata kidogo. "Si yeye ndiye aliyebakiwa na kazi yote? Kumimina, hata bomba linajua."

"Hapo mabomba mnayasingizia," akasema fundi bomba. "Mimi ninayafahamu miaka yote. Bomba halijui lolote."

"Mwambie nilisema kwa hasira," Mwiko akasema taratibu.

Fundi bomba akafungua mdomo. Upawa akainua mkono wake wa kushoto. "Acha, Mzee. Hilo limefika bila usafiri."

"Kama mnasikilizana, mbona mmenisimamisha katikati kama kizibo?" Akachukua kopo lake, akatoka mlangoni pole pole, pole kuliko magoti yake yalivyohitaji, ili asije akapitwa na kitu.

Wakabaki wawili. Harufu ya mafuta, mwanga kupitia kwenye madebe, vumbi linaelea kama halina haraka ya kutua. Mwiko akaweka chupa juu ya kaunta.

"Jumapili nitaoka bata mzinga," akasema. "Nitaweka trei motoni. Nitakoroga. Nikifika kwenye wimbo, sina mtu."

"Jumapili nina kazi."

"Duka linafungwa Jumapili."

"Nina kazi ya kufikiri," akasema Upawa. Lakini mikono yake haikuwa imesikia ugomvi huo. Ilikuwa imeshaivuta chupa, imeshachukua kipimo, imeshamimina, na mafuta yakapanda, yakafika alama, yakaipita, yakaenda mpaka shingoni.

Mwiko akaitazama. "Umepitisha kipimo."

"Ni mkono tu huo," Upawa akasema, akaanza kufuta kaunta mahali ambapo hapakuwa na tone.

Jumapili ile ilikuwa ya mawingu mepesi, siku ambayo vivuli havijui vikae wapi. Bata mzinga alipatikana kwa mfugaji mmoja, na Mwiko alipomwona alihisi anamfahamu, kwa vile alivyotazama viatu vyake. Tangu asubuhi oveni ilinguruma. Harufu ilitoka jikoni, ikapita chini ya milango, ikapanda ngazi za majirani. Mwanamke wa ghorofani aliyekuwa akigombana na mumewe alisahau sentensi katikati, na hadi leo hawajajua ingeishaje. Saa za fundi zilianza kupunguza mwendo moja moja, kama watu wanaoingia mahali penye mtu aliyelala.

Sufuria ya supu ilikuwa pembeni. Mwiko alikuwa amechemsha shingo na firigisi kwa kubahatisha. Binti yake alisimama juu yake na upawa mpya mkononi, ameukamata kama usukani.

"Nitajuaje nianze lini?" akauliza.

"Nikiimba."

"Na nitajuaje kiasi?"

Mwiko akashika mwiko wa mti. "Hilo sikuwahi kulijua, mwanangu."

Akabandua ukoko. Akanyunyiza unga. Mwiko wa mti ukaanza safari yake, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na mvuke ukampanda usoni. Jiko likaanza kuwa jembamba. Dirisha likafifia, mwanga ukawa wa asali. Alisikia nje kucha za Jemadari zikipita kwenye vijiwe, anakagua. Unga uliacha kunuka unga. Kwa mbali, kama habari njema inayokuja kwa miguu, ikafika harufu ya karanga.

Akaanza wimbo.

Hakukuja kitu. Binti aliinua upawa, akasita, akamwaga mwingi, akaogopa, akaurudisha. Trei ikalia. Mwiko akavuta pumzi, na ndani ya pumzi ile alikuwa tayari ameshakata tamaa. Aliona mbele yake lori likiondoka Jumatatu bila mchuzi, kiti cha abiria kitupu.

"Sogea, mwanangu," ikasema sauti. "Usiukabe. Upawa si mwizi."

Upawa alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma bila hodi. Kwapani alikuwa na sufuria ya zamani, ileile iliyoondoka na gauni la harusi, na ndani yake mlikuwa na supu ya moto iliyochemshwa tangu asubuhi na mtu mwenye kazi ya kufikiri. Akaiweka chini. Akasimama upande wake. Hakumtazama dada yake, na dada yake hakumtazama. Kiwiko kikagusa kiwiko.

Mwiko akarudi kwenye wimbo, na uzi ukaja.

Mwembamba, wa dhahabu, ukaingia kwenye trei bila sauti. Akivuta pumzi, unasimama. Akirudi, unarudi. Binti aliwatazama na kugundua kwamba naye anapumua pamoja nao, na kwenye mlango baba yake, lenzi bado jichoni, alikuwa anapumua vilevile. Hakuna saa iliyogonga. Mchuzi ukaanza kukusanyika, ukawa mzito, ukang'aa. Katika mvuke palikuwa na mtu wa tatu, mfupi, amefunga kitambaa kichwani, anahakikisha hakuna anayeongea. Mwiko hakushangaa. Alikuwa akikutana naye kila siku kazini.

Kisha likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea katika jiko la mama. Upawa naye akaanza kuimba. Puani, chini kidogo ya sauti ya dada yake, wimbo uleule. Mmiminaji haimbi. Hakuwahi kuimba. Mwiko aliposikia sauti ile ikimjia ubavuni, baada ya miaka yote ile ya chupa, mkono wake ulisimama. Muda mfupi tu. Kufumba na kufumbua.

Na katikati ya mchuzi, polepole kama kiboko anayechungulia kutoka mtoni, likaibuka bonge.

Wakalitazama. Lilikuwa kama punje ya njegere.

"Ni langu," akasema Mwiko. "Nilisimama."

"La, langu. Nimekuimbia masikioni, nikakuchanganya."

"Nimesema langu. Mimi ndiye mkubwa."

"Kila kitu kikubwa lazima kiwe chako? Bonge hili nimelimimina mimi, Dada, kwa mkono huu. Usininyang'anye."

Fundi saa akakohoa. "Shemeji, mke wangu, tunaweza kuligombania tukiwa tumekaa."

Binti, ambaye kazi yake ilimfundisha kutengeneza kitu kabla ya kukijadili, alikuwa ameshafungua droo. Akatoa chujio. "Si tunachuja tu? Mara moja, limekwisha."

Wale wawili wakageuka kwa pamoja. "Hatuchuji," wakasema, sauti moja, uso mmoja, hata kidole walikiinua sawa. Binti akalirudisha chujio kwenye droo taratibu, kama mtu anayerudisha bunduki.

Walikuwa hawajasema neno moja pamoja tangu yeye alipokuwa hajaota meno. Wakatazamana, wakiwa wametishwa na sauti zao wenyewe.

Upawa ndiye aliyesogea kwanza. Akaingiza upawa wake, akalizoa bonge, safi, bila kugusa kitu kingine. Akaliweka kwenye kisahani. Akalikata katikati kwa kisu, na kulikata lile kulihitaji ustadi, maana ni nani aliyewahi kugawa njegere? Nusu akaitia mdomoni. Akatafuna akiangalia juu, kama mtu anayemsikiliza mtu aliye chumba cha pili.

"Linasemaje?" Mwiko akauliza.

"Lina unga kidogo katikati. Pembeni ni mchuzi." Akatafuna tena. "Dada, yule mama mkwe wangu alilalamikia nini?"

Mwiko akatia nusu yake. Ni kweli. Lilikuwa tamu. Akakaa kwenye kile kiti kisichoyumba, akaanza kucheka, na mdogo wake akaanza kucheka, kicheko cha honi, kilekile cha binti, ambacho watu wote walikuwa wakijiuliza mtoto yule alikitoa wapi.

Mezani walikula wote. Kisha, kwa kuwa Jumatatu haikuwa na simile, wakarudi jikoni na ukoko uliobaki, na binti akafundishwa pande zote mbili. Alikoroga, Upawa akamimina. Akamimina, Mwiko akakoroga. Siri ya supu aliambiwa sikioni, na Mwiko akageukia dirisha ili asisikie, kwa heshima, ingawa sikio moja aliliacha wazi.

"Lakini huko nitakuwa peke yangu," binti akasema. "Nani atanimiminia?"

"Wewe anza tu wimbo," Mama Mdogo akamwambia. "Mtu mwenye njaa akisikia, atauliza ashike nini."

Akaondoka asubuhi, sufuria ya Bibi imefungwa mkanda kwenye kiti cha abiria kama mtu mzima. Mwiko akabaki na trei, na mdogo wake akabaki na kona. Chupa iliendelea kujazwa kupita kipimo, ila sasa Mwiko aliipeleka mwenyewe, na kwa vile walizungumza mno, foleni ilifika hadi nyumbani kwa fundi bomba, ambaye alianza kuchukia amani.

Siku simu ilipoita walikuwa dukani wote wawili, vichwa vimegusana juu ya kisimu kimoja.

"Nimepika," sauti ikasema kutoka mbali, na nyuma yake injini zilikuwa zikinguruma. "Kuna dereva mmoja hapa, mikono yake kama makoleo. Amemimina yeye."

"Alikuja mwenyewe?" akauliza Upawa.

"Nilikuwa nimeanza wimbo. Akasimama mlangoni akauliza ashike nini."

Dada wakatazamana.

"Kuna bonge?" akauliza Mwiko.

"Lipo. Moja. Anasema ni lake, mimi nasema ni langu."

"Msichuje."

"Hatujachuja, Mama. Tumelikata katikati."

Mwiko akaweka simu kando ya madebe ya mafuta, polepole, na mwanga wa alasiri ulikuwa unapita kwenye chupa. Upawa alikuwa ameshashika kipimo, lakini hakuna aliyekuwa akinunua kitu. Alikuwa amekishika tu hewani, anasubiri. Na Mwiko, pale kwenye kiti cha wateja, macho wazi, akaanza wimbo wake puani.